Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Mjadala wa Rumonge

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10 kwa watu wote. Aliyetaka kuongezewa muda ilimbidi ajiandikishe, na kwa mtu binafsi muda huo nao una ukomo, Oktoba 2026. Uamuzi huo ulifanyika mbali, lakini unagusa meza nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika. Laptopu ya mtumba ndiyo kompyuta ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na Windows 11 haiitaki. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha nane, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Mashine ya kabla ya hapo, hata ikiwa nzima, inawekwa kando.

Kwa hiyo swali limefika Rumonge, mji wa mawese na samaki wa mukeke ulio kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura: je, mwenye laptopu moja aweke ndani yake mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, awe anachagua mmoja kila anapowasha? Nimeliweka swali hilo mbele ya sauti nne. Wasemaji nimewaunda mwenyewe ili kila hoja ipate mtetezi wake. Yuko Fundi anayetengeneza kompyuta mjini. Yuko Mama Mhasibu, anayetunza vitabu vya mfanyabiashara wa mawese. Yuko Mwalimu wa sekondari. Na yuko Kijana aliyemaliza shule, anayejifunza kuandika programu.

Hoja inafunguliwa

FUNDI: Nianze na mashine ninazoletewa. Ni laptopu yenye diski ya GB 320 au 500, RAM ya GB 4, ndani Windows 10. Mwenyewe ana kazi zake humo, na ana hofu kwa sababu ameambiwa Windows hiyo haina tena ulinzi. Nikimwambia anunue mpya, nimemfukuza. Nikimfutia Windows, nimemvunjia kazi. Mimi huipunguza sehemu ya Windows kwenye diski, kisha katika nafasi iliyobaki naweka Linux Mint. Mint inaridhika na RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, ingawa ukiipa GB 4 na nafasi kubwa zaidi inapumua vizuri. Baada ya hapo, akiwasha mashine anaona kioo cheusi chenye maandishi meupe. Juu pameandikwa Linux Mint, chini Windows, na sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma. Programu inayotoa orodha hiyo inaitwa GRUB. Anashuka kwa kishale, anabonyeza, basi. Intaneti anaingilia kwenye Linux inayopata masasisho. Windows anaibakiza kwa hesabu, na haiunganishi na mtandao.

MAMA MHASIBU: Fundi, umeeleza vizuri, lakini umeeleza ukiwa kwenye meza yako. Njoo kwenye yangu. Mimi ninafanya hesabu kwa programu ya Sage, na Sage hiyo inataka Windows. Nina faili la Excel lenye makro zilizoandikwa na mtu aliyenitangulia; nikilifungua kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, tarakimu zinaonekana, lakini vitufe havifanyi kazi yote. Sasa mteja wa madumu ya mawese yuko mlangoni anataka ankara, na papo hapo bosi anataka nitume barua pepe Bujumbura. Unataka nifunge Sage, nizime mashine, niwashe Linux, nitume barua, nizime tena, nirudi Windows? Kwenye diski iliyozeeka safari hiyo inakula dakika nyingi. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Kwangu litakaloponyoka ni mteja.

MWALIMU: Mimi nawapinga wote wawili. Mama anataka kubaki ndani ya nyumba ambayo mwenyewe ameacha kuikarabati, na Fundi anataka kumjengea nyingine ubavuni ili aendelee kulala katika ile ya kwanza. Kwa nini tusihame? Linux ni bure kwa leseni yake: nikiipakua mara moja, ninaruhusiwa kuinakili kwenye flashi na kumpa mwenzangu wa Nyanza-Lac bila kuvunja sheria yoyote. Faili la kusakinishia Mint lina ukubwa unaokaribia GB 3. Likishalipiwa bando mara moja, linaweza kuhudumia mji mzima. Halafu kuna virusi vya flashi. Mnavijua: mwanafunzi anakwenda kuchapa kazi yake kwenye duka la fotokopi, anarudi na flashi ambayo mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato. Vidudu hivyo vimeandikiwa Windows, na kwenye Linux haviwaki. Zaidi ya hayo, programu huria zilifika mapema katika lugha yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wa hapa hapa Afrika Mashariki.

KIJANA: Mwalimu, kwa heshima, mimi ni zao la darasa kama lako, na ninaomba nikujibu. Matangazo ya kazi ninayoyasoma yanataka mtu anayejua Word na Excel, na ofisi ninazobisha hodi zinatumia Windows. Nikihama kabisa, nimejifungia mlango. Lakini pia ninajifunza Python na hifadhidata, na seva nyingi za intaneti duniani zinaendeshwa kwa Linux. Nisipoizoea, nimejifungia mlango wa pili. Sina uwezo wa kununua laptopu mbili. Mashine moja yenye mifumo miwili kwangu ni chuo. Asubuhi ninafanya mazoezi ya ofisi, jioni ninajifunza kuendesha seva.

MWALIMU: Kijana, hilo nalikubali kwako. Swali ni kama tunawashauri wote wawe kama wewe.

Mashine inapokataa kuwaka

MAMA MHASIBU: Basi Fundi, utuambie na ubaya wake. Kila siku tunasikia uzuri.

FUNDI: Nitasema. Hatari ya kwanza ni umeme. Kupunguza sehemu ya Windows ni kuhamisha data kutoka upande mmoja wa diski kwenda mwingine. Regideso, shirika la umeme, wakikata umeme katikati, na betri ya mtumba imekufa, unaweza kupoteza vyote. Kwa hiyo laptopu isiyoshika chaji siigusi mpaka nipate betri nzima au umeme wa jua wenye akiba. Na kupunguza huko nakufanya kwa chombo cha Windows yenyewe cha kusimamia diski, kwa sababu kinajua mafaili yake yasiyohamishika yako wapi. Linux baadaye inakuta nafasi tupu.

Hatari ya pili ni kusoma haraka. Mashine nyingi hapa nazifanyia usakinishaji kwa Kifaransa. Inafika hatua ambapo kioo kinaonyesha mistari miwili iliyokaribiana. Mmoja unasema Installer Linux Mint à côté de Windows, na mwingine unaanza na Effacer le disque. Wa kwanza unaweka Linux ubavuni. Wa pili unafuta diski yote. Mtu akibonyeza huo wa pili kisha akathibitisha, Windows imekwenda pamoja na picha za harusi.

KIJANA: Na kibodi, Fundi.

FUNDI: Kweli. Laptopu iliyotoka Ubelgiji ina AZERTY ya Kibelgiji, si ya Kifaransa. Kwenye ya Kibelgiji alama ya @ iko kwenye kitufe cha 2, kwenye ya Kifaransa iko kwenye cha 0. Ukichagua isiyo yako wakati wa kusakinisha, kisha ukaweka neno la siri lenye alama, kesho yake unaandika kile kile unachokiona kwenye vitufe na mashine inakukatalia.

Hatari ya tatu wengi hawaijui. Windows 10 ukiizima kwa kawaida haizimi moja kwa moja. Inalala nusu, inaandika hali yake kwenye diski ili kesho iwake upesi. Kwenye Windows ya Kifaransa utaona jambo hilo limeandikwa démarrage rapide. Wakati huo sehemu yake ya diski inabaki kama daftari lililoachwa wazi katikati ya hesabu. Linux ikiikuta hivyo inakubali kusoma tu, inakataa kuandika, na inafanya vyema kukataa. Anayeilazimisha anaweza kuyaharibu mafaili. Kwa hiyo kabla ya lolote, hiyo démarrage rapide inaondolewa.

MAMA MHASIBU: Na ile habari ya namba nyingi? Kuna mtu alifungua mashine yake ikamdai namba arobaini na kitu.

FUNDI: Tarakimu 48, Mama. Hiyo ni ya BitLocker, kinga ya Windows inayoificha diski kwa siri; tarakimu hizo ni ufunguo wa kuirejesha. Ukibadilisha namna mashine inavyowaka, kwa mfano ukizima Secure Boot, kile kizuizi kinachokagua programu ya kwanza kuwaka, BitLocker inashuku kuna mwizi na inadai ufunguo. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mashine kwanza. Kwa laptopu ya mtumba, huyo anaweza kuwa mtu aliye Ulaya ambaye hutampata maisha yako yote. Ndiyo maana mimi hufungua dirisha la amri la Windows kama msimamizi na kuandika manage-bde -status. Ikisema diski imefichwa, namwambia mwenyewe: tuondoe ufichaji kwanza, au tutafute ufunguo kwanza. Vinginevyo sianzi.

MWALIMU: Umeisahau saa.

FUNDI: Nilikuwa naifikia. Ndani ya mashine kuna saa ndogo yenye betri yake. Windows inaisoma saa hiyo kama saa ya hapa. Linux inaisoma kama saa ya dunia, kisha inaongeza saa mbili za Burundi. Matokeo yake, ukitoka Linux ukaingia Windows, saa nane mchana inasomeka saa sita. Ankara ya Mama inatoka na saa ya uongo. Dawa ni amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo yote miwili inaanza kusoma saa kwa namna moja.

MAMA MHASIBU: Unaona, Fundi? Umenitajia dawa tano kwa ugonjwa ambao sikuwa nao. Mimi nikibaki na mfumo mmoja, sihitaji hata moja.

KIJANA: Lakini Mama, mfumo mmoja nao hulala. Sasisho baya la Windows linaweza kuifanya ikatae kuwaka. Ukiwa na Linux ubavuni, unaingilia mlango huo, unatoa mafaili yako, na kazi inaendelea.

MAMA MHASIBU: Na sasisho la Windows haliwezi kuivuruga hiyo Linux?

FUNDI: Linaweza, na limewahi. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililokusudiwa kuzuia matoleo ya zamani ya programu za kuwashia zenye kasoro. Lilitakiwa liziruke mashine zenye mifumo miwili, lakini baadhi halikuzitambua. Watu wakawasha Linux yao wakakuta maneno ya kukataliwa kwa sababu za kiusalama, na mashine ikajizima. Kulikuwa na njia ya kulikwepa, lakini Microsoft yenyewe ilitoa suluhisho kamili Mei 2025.

MAMA MHASIBU: Miezi tisa! Huyo mtu angekuwa Rumonge, angekwenda kwa nani?

Mashine ya wengi

MWALIMU: Hapo Mama umegusa kiini. Mjini Nairobi au Dar es Salaam ukikwama unatembea barabara moja, unapata mafundi. Hapa kuna mafundi wachache wanaojua GRUB, na petroli ikiadimika hata safari ya kwenda Bujumbura inakuwa mradi. Sasa fikirieni chumba cha kompyuta cha shule. Wanafunzi wanapokezana. Mmoja ameacha mashine kwenye Windows, mwingine kwenye Linux. Mmoja ameona sehemu ya diski asiyoielewa, ameifuta ili apate nafasi ya kuweka filamu. Anapowasha tena, kioo kinaishia kwenye maneno mawili, grub rescue, na kishale kinachopepesa. Orodha ilikuwa inaishi katika sehemu aliyoifuta. Kwa mashine ya wengi nasema mfumo mmoja, na kwa shule uwe Linux.

FUNDI: Kwa mashine ya shule sina ugomvi na wewe, Mwalimu. Nami sipendi kuweka mifumo miwili penye watu wengi. Ila usimwekee mwanafunzi ugumu wa kupata kazi. Kijana amesema kweli: ofisi zinataka Excel.

MWALIMU: Ofisi zinataka mtu anayejua kupanga jedwali, kuandika fomula, kuchuja orodha. Hayo yote LibreOffice inayafundisha. Aliyeelewa fomula haogopi rangi ya kitufe. Na kazi nyingi mpya zinafanyika ndani ya kivinjari. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Burundi, unafunguliwa kwa kivinjari. Hauulizi chini yake kuna Windows au Linux.

MAMA MHASIBU: Mwalimu, hapo unanishawishi kwa wanafunzi, lakini hunishawishi kwangu. Kivinjari kinataka mtandao, na mtandao wetu una siku zake. Sage inafanya kazi hata mnara ukizimika.

MWALIMU: Na hiyo ni haki yako. Sikuambii uache Sage. Nakuambia usiiruhusu Windows isiyo na ulinzi kufungua barua pepe za watu usiowajua kwenye diski hiyo hiyo yenye vitabu vya biashara.

KIJANA: Kwa hiyo Mwalimu, kwa Mama unataka mashine mbili?

MWALIMU: Kwa Mama nataka kazi mbili zitenganishwe. Zikitenganishwa kwa mashine mbili, vizuri. Zikitenganishwa kwa simu, vizuri pia: barua pepe ya bosi inaweza kutumwa kwa simu wakati Sage iko wazi mezani.

MAMA MHASIBU: Hilo naliweza kesho asubuhi.

Mali iko wapi?

FUNDI: Naomba niulize swali ambalo huwa nalisahau kuwauliza wateja mpaka mambo yameharibika. Tunabishana juu ya mifumo. Mfumo ukifutika, mimi ninaupiga upya kabla ya jua kuzama, Windows au Linux. Je, kitu gani siwezi kukipiga upya?

MAMA MHASIBU: Vitabu vya miaka mitano.

KIJANA: Kazi zangu zote.

MWALIMU: Alama za wanafunzi.

FUNDI: Hayo ndiyo mali. Kwa hiyo ninapoweka mifumo miwili kwa mtu mmoja anayejua anachofanya, siku hizi sigawi diski mara mbili, ninaigawa mara tatu. Tuseme diski ya GB 500: Windows naiachia 150, Linux naipa 100, na GB zinazobaki ninazifanya sehemu ya tatu isiyo na mfumo wowote, ya mafaili peke yake. Naiandika kwa mtindo wa NTFS ili pande zote mbili ziisome na kuiandika. Siku Windows inaharibika, mafaili hayamo ndani yake. Siku Linux inaondolewa, hayamo ndani yake pia.

KIJANA: Kuna jambo la kuangalia hapo, Fundi. Diski za mtindo wa zamani, zile za MBR, zinakubali sehemu kuu nne tu, na laptopu nyingine zilitoka kiwandani zote nne zimeshajaa. Ukijaribu kuongeza moja, inakataa.

FUNDI: Umesema kweli, na hapo ndipo mtu asiyejua anapoanza kufuta ovyo. Unaangalia kwanza, unaelewa kila sehemu ina kazi gani, ndipo unagusa.

MAMA MHASIBU: Mimi nasema sehemu ya tatu kwenye diski ile ile si akiba. Diski ikifa, sehemu zote tatu zinakufa. Mashine ikiibiwa, zinaibiwa pamoja. Na sisi tunaokaa karibu na ziwa tuliona mwaka 2024 maji yalivyopanda, yakaingia kwenye nyumba za watu. Nakala iliyo katika kabati moja na kompyuta ingelowa pamoja nayo. Kwangu Jumamosi haifungwi bila vitabu kunakiliwa kwenye diski ya nje, na diski hiyo hailali ofisini.

FUNDI: Mama, hapo umenifundisha mimi. Kuanzia leo mteja asiyeonyesha nakala iliyo nje ya mashine, simgusii diski yake.

MWALIMU: Na umfundishe mwenyewe, Fundi. Usiishie kumfanyia. Mteja akiondoka bila kujua kitufe cha kuchagulia mahali pa kuwakia, iwe F9, F12 au kingine kwa mashine yake, umemwachia kompyuta ambayo wewe ndiye mmiliki wake. Sasisho la Windows likijiweka mbele na orodha ya GRUB ikatoweka, mara nyingi Linux bado ipo salama. Kinachohitajika ni kuingia kwa kitufe hicho na kuirudisha mbele. Mtu anayejua hilo halipi nauli wala hapati wasiwasi.

KIJANA: Na apewe flashi. Flashi yenye Mint inayowaka bila kusakinishwa ni kifaa cha uokoaji. Hata Windows ikigoma kabisa, unaichomeka, unawasha, unafungua diski, unatoa mafaili yako.

MAMA MHASIBU: Hiyo flashi hata mimi naitaka, na sitaki Linux.

Uamuzi wa mwandishi

Nimewasikiliza wote wanne, na sitakwepa kusema ninakosimama. Nakubaliana na Mama Mhasibu kuhusu mashine ya kazi inayoleta riziki: ibaki na mfumo mmoja, ule ambao programu ya kazi inaudai, na kama ni Windows 10 isiyopata masasisho, itengwe na intaneti kadiri inavyowezekana. Nakubaliana na Mwalimu kuhusu mashine ya wengi: shule, maktaba, chumba cha kikundi cha vijana, vyote viwe na mfumo mmoja unaopata masasisho bila kulipiwa leseni, na kwa kompyuta zetu zenye umri, mfumo huo ni Linux. Linux ya Ubuntu 24.04 na matoleo ya Mint yaliyojengwa juu yake yana masasisho hadi 2029, kwenye mashine ambazo Windows 11 imezikataa.

Mifumo miwili nawapa watu wa aina ya Kijana: mwenye mashine yake peke yake, aliye na sababu ya kweli ya kuhitaji kila upande, na aliye tayari kujifunza. Kwake, kila kinachokwama ni somo, na somo hilo lina soko. Mji wa Rumonge ukipata vijana kumi wanaoweza kurudisha GRUB iliyopotea, kuondoa BitLocker kwa utaratibu na kugawa diski bila kupoteza faili, swali la Mama la “angekwenda kwa nani?” litapata jibu la majina kumi, na hakuna atakayelazimika kungoja petroli ipatikane ili kompyuta yake iwake.

Hata hivyo, jambo lililonishika zaidi katika mjadala huu ni lile la mwisho, la mwenye mashine kuijua mali yake, ambalo wote wanne walilifikia kwa njia tofauti. Tumezoea kumpelekea fundi kompyuta na kurudi kuichukua ikiwa imeshapigwa Windows, bila kuuliza kilichofanyika. Tumezoea kununua laptopu ya mtumba bila kuuliza kama diski yake imefichwa na nani ana ufunguo. Tunalipa fedha zetu kwa kifaa ambacho funguo zake ziko kwa mtu mwingine. Hali hiyo haiondolewi na Windows wala na Linux. Inaondolewa na mwenye mashine anapoamua kwamba mali iliyo ndani ni yake na kwamba ana wajibu wa kuijua.

Kwa hiyo kabla hujaamua mfumo mmoja au miwili, nakuomba ufanye mambo manne. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje na uiweke nyumba nyingine. Kagua kama BitLocker imewashwa, na kama imewashwa, andika zile tarakimu 48 kwenye karatasi. Jua kitufe cha kuchagulia mahali pa kuwakia kwenye mashine yako. Na uwe na flashi ya kuwashia, uliyoijaribu mwenyewe ukaona inawaka. Aliyetimiza hayo manne anaweza kuweka mifumo miwili bila hofu, anaweza kubaki na mmoja bila aibu, na anaweza kubadili mawazo mwakani bila kupoteza hata faili moja. Asiyeyatimiza asimruhusu fundi yeyote, hata awe hodari vipi, kuigusa diski yake.